Aliyeacha Kutetemeka

Mpwa wangu muuguzi,

Mjomba wako ni mzima, chuma hakiliwi na mchwa. Hapa ghala la nyama wananiita Simba wa Barafu. Chumba cha baridi naingia kifua wazi, hata nyama zinaniamkia.

Jana mlango ulikwama, tukafungiwa humo mimi na mwenzangu Kipara. Alitetemeka mpaka meno yakagongana. Nikamtania, "Baba mzima, unacheza ngoma gani?" Baadaye akatulia, akavua koti, akasema anasikia joto. Nikampigia makofi: "Sasa umekuwa dume!" Koti nikalivaa mimi.

Walipotufungulia alikuwa amezimia kwa baridi; sasa yuko hospitali, hajafumbua macho. Mkewe ananishukuru eti sikumwacha peke yake. Nijibu upesi, wewe uliyesoma: mtu aliyeacha kutetemeka huwa anaamka? Koti lake sijalirudisha.

Mjomba wako tu.