Ukoko wa Mlango wa Mbele

Dada Konso,

Nimeingia kwenye hoteli uliyofanyia kazi, kwa mlango wa mbele. Nakwambia hilo kabla ya salamu, maana najua ndilo ungeniuliza kwanza. Sikuzunguka kule nyuma kwenye mapipa ya taka, ulikopita wewe miaka minne na aproni yako kwenye mfuko wa plastiki. Nilipita mlango wa mbele, ule wa mbao nyeusi. Nikausukuma kwa nguvu zangu zote, kumbe ni wa kuvuta. Cheka tu, nakusikia.

Mengi yamebadilika tangu uondoke. Harusi niliisogeza. Emanueli ananingoja Louisville bila kulalamika, mpaka wakati mwingine natamani alalamike. Anayelalamika ni kaka yetu Leo, ambaye kanisa na ukumbi viko mtaani kwake. Kila Jumapili ananipigia simu Buffalo: lini, lini, lini? Nikamwambia mimi siolewi kabla sijala kwa dada. Akasema nimerukwa na akili, kwamba mtu aliyefiwa hakimbilii hoteli ya Kikorea ya watu wa suti. Haya, aseme. Aliyeahidi si yeye, ni mimi.

Na niliahidi vibaya, Dada. Unakumbuka ulivyonipigia simu ukipiga vigelegele kama mtu aliyepata mtoto? Mpishi mkuu alikuwa amekuambia uje siku moja ukae mezani kama mgeni, na ndugu yako. Ukasema, "Njoo Columbus, mdogo wangu, tukahudumiwe." Nikakujibu wiki ijayo, kiwandani Tonawanda wametupa ovataimu. Wiki iliyofuata nikakupa jibu lile lile. Wewe ukasema, "Haya, chakula hakikimbii." Ni kweli, chakula hakikukimbia. Presha ilikuangusha kituoni ukisubiri basi la kwenda kazini, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye mashine nikifunga maboksi. Nimekikasirikia kile kiwanda. Nimejikasirikia mimi zaidi. Siku moja nikachoka kukasirika, nikaomba likizo, nikaweka nafasi ya watu wawili, nikapanda basi.

Mama Furaha, yule jirani yako Mkongo wa Hilliard, ndiye aliyenipokea. Alinipigia pasi gauni lako la bluu, akanifunga zipu, akanitazama weee. "Donc unaenda kula ile chakula peke yako? Bon, kula na ya Konso." Akanishusha mlangoni kabisa.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Mimi nilikwenda nimejiandaa. Zile sauti zako ulizonitumia kwenye simu nilizisikiliza njia nzima, nikaandika kwenye karatasi kila ulichosema niagize. Usianze na nyama, utaonekana una njaa. Anza na yai la mvuke. Kisha dagaa wa sukari. Kisha kabichi ya pilipili, ile nyeupe, si ile nyekundu, nyekundu utalia mbele za watu. Mbavu agiza moja tu. Mwisho kabisa ukoko, na usithubutu kuondoka kabla ya ukoko. Ulicheka sana kwenye sauti ile: "Watu wanavaa tai kuja kula ukoko, mdogo wangu, dunia hii!"

Nikafungua menyu. Hakuna dagaa. Hakuna yai la mvuke. Niliisoma juu chini, chini juu, ni majina ya Kikorea matupu, na wewe miaka yote hukunitajia hata moja! Kila sahani ulikuwa umeibatiza Kiswahili. Karatasi yangu yote ikawa haina kazi. Nikahisi machozi yanakuja, na bado sijala hata hiyo kabichi. Nikasema moyoni, hapana. Sikusafiri kutoka Buffalo kuja kulia juu ya kitambaa cheupe.

Mhudumu alikuwa kijana mpole. Nikaanza kumwelezea kwa Kiingereza changu cha kiwandani na mikono miwili. Yai, moshi, laini. Akaelewa. Samaki wadogo, sukari. Akaelewa. Kabichi tukafika, mbavu tukafika. Nilipofika mwisho nikakwama. Nikamwambia wali, chini ya sufuria, ulioungua lakini haukuungua. Akanikunjia uso. Kwa hasira likanitoka lenyewe: ukoko!

Uso wake ukafunguka. "Ah, ukoko!" Akalitamka vizuri tu, kama mtoto wa Kigoma. Akaniambia kwenye menyu wameandika nurungji, lakini jikoni kila mtu anasema ukoko, na kwenye rafu ya vyungu vya mawe wamebandika karatasi yenye neno hilo. Yeye mgeni pale, ana miezi miwili. Alidhani ni Kikorea.

Dada, nilicheka mpaka meza ya jirani ikageuka. Halafu nikalia, ndiyo, nililia, na sijali. Hukuwahi kuniambia hili. Uliniambia umechoka, miguu imevimba, sabuni inakula vidole. Hukuniambia kwamba uliwafundisha watu wazima wote wa jiko lile kuita ukoko.

Nikamwambia mhudumu mimi ni nani. Alikwenda jikoni moja kwa moja, na mpishi mkuu akatoka mwenyewe, mama mfupi mwenye nywele za mvi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema siku moja, mwaka wako wa kwanza, alikukuta umesimama kwenye sinki unakwangua sufuria ya wali wa wafanyakazi na kula. Ukaogopa utafukuzwa. Kumbe bibi yake alikuwa anakula hivyo hivyo. Ndiyo siku aliyokutoa kwenye vyombo akakuweka kwenye wali.

Walileta mabakuli mawili. Niliweka nafasi ya wawili, basi wakahesabu wawili. Ukoko wa rangi ya asali, unamwagiwa mchuzi wa uyoga pale pale mezani, unalia chwaaa. Nikakumbuka Krismasi za kambini, tulipokuwa wakimbizi kule Kigoma, siku pekee tuliyoona wali. Ulikuwa unakumbatia sufuria na kutufukuza mimi na Leo: "Mkila ukoko, mvua itawanyeshea siku ya harusi. Acheni niwaokoe." Ukatuokoa kila mwaka, mwizi wewe! Ukala wote, na hukuolewa, kwa hiyo mvua yako yote bado iko huko juu haijashuka.

Nilikula bakuli langu. Kisha nikavuta lako, nikala nalo, kama alivyosema Mama Furaha. Nikakwangua chini kwa kijiko mpaka kikapiga kelele, katika hoteli ile ya watu wa suti, na hakuna aliyethubutu kunitazama vibaya.

Asubuhi yake nikampigia Leo. Nikamsimulia yote, nikamwambia atafute tarehe ukumbini. Akauliza kwa sauti ndogo kama kweli wanaita ukoko. Nikamwambia wanaita. Akakata simu haraka, unamjua, hataki kusikika akilia.

Basi pumzika, Dada yangu. Nimekula ya kwako na ya kwangu, hakuna wa kuniokoa tena. Nakuahidi kitu kimoja: siku hiyo Louisville mawingu yakikusanyika, wanawake wakianza kukimbiza viti ndani, mimi nitabaki nje na shela langu. Nitamwambia Emanueli asifungue mwamvuli, dada amefika.

Mdogo wako,
Imelda