Tukisubiri Keki Ikauke Jasho

Mpendwa Baba Aika,

Nimekaa kwenye ukumbi mmoja huku mjini, Majengo. Boksi la keki liko mezani mbele yangu, limezungushiwa nailoni, na nailoni yenyewe imejaa matone kama dirisha la jikoni kwetu Uru wakati wa ukungu. Sijalifungua. Leo ni sendofu ya binti yako, tunamuaga kabla ya harusi, na keki iliyomo humu ni nyeupe, yenye maua mekundu ya rangi ya damu ya mzee. Nimeipamba mwenyewe nyumbani, ikalala kwenye friji, na asubuhi tumeshuka nayo kutoka kwenye baridi mpaka kwenye joto hili. Kama rangi imevuja, hakuna muda wa kutengeneza nyingine. Kwa hiyo nasubiri, na kwa kuwa zamani tulikuwa tunasubiri wawili, nimeazima kalamu kwa wapambaji wa ukumbi nikuandikie.

Unaikumbuka ile ya kipaimara cha mtoto wa jirani? Nilichora misalaba myekundu juu ya krimu nyeupe. Siku hizo bado nilikuwa natumia rangi ya maji, naimimina na kuimimina nikitafuta wekundu, huku krimu inazidi kulegea. Tulipofika mjini nikafungua boksi papo hapo, maana nilikuwa na hamu ya kusifiwa. Tukiwa tunaitazama, keki ikaanza kutoka jasho, na kila tone likashuka na wekundu wake. Mwenye shughuli akaja, akaiangalia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama Aika, hii ni keki ya kipaimara au ya ajali?" Wewe ukakohoa, ukatoka nje. Nilijua unacheka.

Nilinuna njia nzima ya kurudi. Wewe uliniacha ninune mpaka chai ya jioni, ndipo ukaanza habari za wageni wako wa mlimani. Ulisema wakishuka kutoka kwenye barafu wakaingia hotelini na kufungua kamera zao, kioo kinafunga ukungu na kulowa, ndiyo maana ninyi waongozaji mnawaambia waiache kamera ndani ya mfuko mpaka mfuko wenyewe uzoee joto. Jasho linabaki nje ya mfuko.

"Sasa kamera na keki wapi na wapi?" nilikuuliza.

"Jaribu tu, mama. Ukishindwa, tutaila sisi."

Mengine nilijifunza mwenyewe, kidogo kidogo. Nilihamia rangi nzito ya jeli, ambayo haiongezi maji kwenye krimu. Nilijua kwamba wekundu hukolea ukiachwa ulale, kwa hiyo nachanganya siku moja kabla na kutia rangi kidogo, na nikitaka damu ya mzee naanza na kakao ili nisihitaji rangi nyingi. Krimu nyeupe naiacha kwanza ifanye ngozi juu, nikiigusa isinate kidoleni, ndipo naweka ua la rangi nzito. Lakini lile la kutofungua boksi lilikuwa lako, na ndilo lililonishinda kila siku. Mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe. Wewe ulikuwa unaukamata, unaushikilia kwenye goti lako mbele za watu, na wapambaji wanadhani tunachumbiana.

Labda ndivyo ilivyokuwa. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe, migomba, watoto wa ndugu, na wewe siku nyingi uko mlimani. Ni kwenye kumbi za watu tulipopata kukaa bure, viti vimepandana, vitambaa havijafungwa, jua linaingia dirishani na kutembea sakafuni taratibu. Ulinisimulia jinsi mawingu yanavyolala chini yenu asubuhi, mtu anaona kama anaweza kutembea juu yake mpaka Meru. Ulisema kule juu mtu husikia masikio yake mwenyewe. Mimi sijawahi kupanda mlima huo hata siku moja, lakini kuna nyakati nausikia ule ukimya nikiwa naosha vyombo, na nakaa nao mpaka maji yapoe.

Tangu tulipokulaza kaburini pale kihambani, kati ya migomba yetu, sikutengeneza tena keki ya rangi nzito. Wateja nawaambia waridi hafifu ndiyo inapendeza, au njano ya ndizi mbivu, au nyeupe tupu. Wanakubali, maana nazungumza kama fundi. Ukweli ni kwamba rangi hafifu hata ikivuja haionekani, na mimi nilikuwa naogopa kukaa na boksi peke yangu. Aika ndiye aliyenikatalia. Alisema, "Mama, mimi nataka damu ya mzee juu ya nyeupe, kama zile zako na baba. Usinipe rangi za woga." Unajua alikoutoa mdomo huo.

Nje wanageuza ndafu motoni. Wale hawana shida, mbuzi havuji rangi. Mdogo wako, Elia, amekuja mara mbili kuniuliza.

"Shemeji, fungua basi tuone."

"Bado, shemeji. Gusa nailoni, bado imelowa."

Ameguna, lakini amevuta kiti akakaa. Yeye ndiye atakayekaa kwenye kiti cha baba leo, na Aika atamlisha kipande ambacho kingekuwa chako. Tuliliongea kwenye kikao cha ndugu, likapita. Niliitikia kwa kichwa kama wengine, na nilipofika nyumbani nikachukia kila mtu mpaka asubuhi. Sasa hivi namtazama akipangusa kiatu kwa leso, na naona naye anaogopa. Sina tena hasira naye. Nina hamu nawe tu, Baba Aika, nina hamu nawe sana.

Jua limefika kwenye mguu wa meza. Matone ya juu yamekwisha, yamebaki machache pembeni. Nasikia usingizi, ule wa kuwa macho, na mkono wangu wa kushoto uko kwenye goti langu mwenyewe, umetulia.

Nailoni imekauka. Naweka kalamu chini.

Nimerudi. Nimefungua. Kila ua limekaa mahali pake, na weupe ni mweupe mpaka ukingoni mwa petali. Nikageuka nikasema, "Baba Aika, njoo uone," kwa sauti, kama vile uko hapo dirishani. Wapambaji wakageuka na vitambaa vyao mikononi. Elia akainuka, akaja akasimama upande wangu, akaitazama keki kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji, akasema, "Imekaa, shemeji."

Hapo nikalia. Nilirudi nyuma hatua na kugeuza uso ukutani, nisije nikaidondoshea maji.

Wanamleta binti yako, naacha hapa. Endelea kupumzika.

Mkeo,
Mama Aika