Mkunazi wa Mbwawa

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, shikamoo yako imenifika huku Kisarawe. Mama yako mzima, mihogo imeshika vizuri, ila mguu wangu bado unanisumbua.

Unauliza kama fundi aukate ule mkunazi wenye miiba kwenye kiwanja chako cha Mbwawa. Tulipokuwa wadogo, mama alikuwa akitwanga majani ya mkunazi wetu, anatubandika kwenye majipu, tunapona. Mdogo wangu Zuhura alipougua homa, akamchemshia majani hayohayo. Zuhura hakupona. Wanawake wakayachuma tena, wakayatia kwenye maji ya kuoshea maiti, kama ilivyo ada yetu.

Nikadhani mama atauchukia mti ule. Kesho yake jirani akaja na mtoto mwenye jipu, akasimama mbali.

"Nisamehe dada, nimekuja wakati mbaya."

Mama akainuka mkekani, akayachuma mwenyewe, akatwanga. Akambandika yule mtoto.

Basi punguza matawi yanayoziba njia tu. Majani yatawafaa wanao. Na siku yangu ikifika, hamtahangaika kuyatafuta.

Bibi yako