Pepeta Ambayo Hatukuila

Mama Salumu, mke wangu,

Wageni wa hitima yako wameondoka, nami nimechoka hata kuvua kanzu nimeshindwa. Acha nikuandikie hivi hivi.

Unakumbuka mwaka ule baada ya vita, bonde letu la Mzenga lilipotoa masuke meupe ya mpunga? Ulishika suke moja, halikuwa na punje. Ukapasua bua kwa ukucha, funza amejikunja ndani. Nikaanza kukueleza jinsi anavyokula bua hilo hadi suke likakosa chakula. Ukanikatiza: "Mwalimu, darasa limefungwa. Njoo tutafute mashina aliyoyakosa."

Yalikuwepo machache, yenye bua jembamba, gumu, nayo yalikuwa yakiiva kabla ya mengine. Tukatazamana. Mpunga unaotangulia ndio tunaoukata ungali na ubichi, tukaukaanga na kuutwanga pepeta. Kumbe kila mwaka kijiji kizima kilikula kwa furaha mpunga wa mashina yaliyomshinda funza, kisha kikaweka mbegu ya yale yaliyozoewa na funza!

Ukayafunga mashina yale kwa vipande vya ukindu yawe na alama, ukapiga marufuku pepeta nyumbani kwetu. Mama yangu alinuna.

"Mke wa mwalimu anafuga mpunga kama mbuzi!"

"Mbuzi huyu hachinjwi, Mama, mpaka azae."

Msimu baada ya msimu ulichagua, ukatupa, ukachagua tena, na mbegu ukaitundika juu ya moshi wa jiko. Funza hawakwisha, lakini tulivuna.

Mwaka huu wamerudi kwa wingi. Mashamba ya jirani ni meupe. Jaruba lako peke yake ndilo lililoinamisha masuke. Mwezi ulipoandama, mpunga ukiwa bado na ubichi, dada yako Mwajuma alikuja na mchi begani.

"Shemeji, marehemu alipenda pepeta kuliko wali. Utamnyima hata kwenye hitima yake?"

"Alijinyima mwenyewe, shemeji. Tukiukata sasa, mwakani bonde zima litapanda nini?"

"Ama kweli nyinyi wawili mlikutanishwa na uchoyo!"

Akaketi kwenye tuta, akalia. Kukataa kunachosha kuliko kulima, na zamani tulikataa wawili.

Leo wageni wamekula mihogo na kunde. Nilitarajia manung'uniko. Lakini walipoaga nikamwona Mwajuma mlangoni, ana kikapu cha masuke ya jaruba lako yaliyokauka sawasawa, kila moja limefungwa ukindu. Alimpa kila mtu moja.

"Usikaange," alikuwa akisema. "Hii ni ya dada. Panda."

Limebaki suke moja mkononi mwangu. Nilitaka nitafune punje mbili tu, kwa ajili yako, uliyeuhangaikia mpunga huu miaka yote bila kuonja pepeta yake. Nimeshindwa.

Pumzika, Mama Salumu. Nami nikishapata nguvu za kusimama, nitalitundika juu ya moshi.

Mumeo,
Baba Salumu