Saa Thelathini na Tatu kutoka Edmonton

Avenyu ya 14, Buyenzi,
Bujumbura.
9 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Tajudini,

Assalaam alaikum. Hamjambo huko Edmonton, wewe na mkeo Raïssa? Watoto wazima? Mimi mwili mzima, ila situlii. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara tatu nimeinuka kwenda kumtazama Baba. Nikiimaliza nitaipiga picha nikutumie, maana kwenye simu hukawii kunikatiza.

Mvua bado, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Binti yangu Fadhila amefaulu mtihani wake, sasa anatembea kwa maringo kama waziri.

Haya, la Baba. Nilikwambia ana uchovu tu. Nilikudanganya, na yeye ndiye aliyenikataza kusema. Ni moyo. Daktari ametuambia tuhesabu wiki, siyo miezi.

Nawe unaniandikia kwamba utakuja likizo ya Disemba, na likitokea lolote kabla ya hapo utapanda ndege siku hiyohiyo, kwa kuwa simu yako imekuonyesha kilomita elfu kumi na tatu na nusu, saa kumi na saba angani! Taju, hiyo ni hesabu ya ndege isiyotua popote, na ndege hiyo haipo.

Juzi nilishindwa kukaa, nikaenda mtaa wa Asiatique kwa Moubarak, yule uliyesoma naye, siku hizi anakata tiketi. Akanihesabia kwa vidole: Edmonton hadi Toronto, ungoje, Toronto hadi Addis, ungoje tena, ndipo Addis hadi hapa. "Dada Waridi, ni masaa trente-trois, kama hakuna retard, ndege zisichelewe." Saa thelathini na tatu! Nilirudi kwa miguu nikizihesabu upya njia nzima.

Nadhani umesahau sisi tunavyozika. Baba akifariki alfajiri, kwenu ni saa tatu ya usiku. Alasiri tumeshamswalia, magharibi tumeshatoka makaburini. Wewe hapo, kama umebahatika, uko Toronto unangoja. Na usifikiri tutamweka kwa ajili yako. Ameshatuusia mwenyewe, mbele ya imamu: "Mi nikikufa, munizike siku ileile. Apana kungoja mutu wa ndege." Unamjua alivyo akishasema.

Nakukasirikia na nakuonea huruma, vyote pamoja. Basi nakuomba: siku nitakayokupigia simu ya msiba, baki hukohuko usome dua, utakuwa umeshachelewa. Ndege panda sasa, Baba angali na mdomo wa kukugombeza.

Nisalimie Raïssa, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Shangazi Khadidja wa Kajaga anakusalimu sana, anasema samaki wako atamkaanga ukishatua, siyo kabla. Mwenyezi Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Waridi

N.B. Baba amenikuta naandika, akanilazimisha nimsomee yote. Amenuna, ati usije. "Umuambie asikuye, asiache kazi yake." Kisha akamwita Fadhila, akamwagiza atoe godoro lako nje, lipigwe jua.