Bata wa Kijivu

Kwako Baba Neema, huko Kampala uliko,

Jana dada yako alifika hapa kwetu Murara kuchukua ile picha ya bata. Anasema umeipatia mnunuzi. Salamu hukutuma, hata za mtoto.

Unakumbuka ilivyoanza? Shangazi yangu alitupatia blanketi la Kichina siku ya ndoa yetu, lenye bata wawili: mmoja wa rangi zote, mwenzake wa kijivu. Ulimkasirikia muuzaji. "Wametuuzia kitu ya kuchuja," ulisema, "huyu moja rangi imeisha!" Ukachukua ubao na brashi, ukawachora upya, wote wawili wakiwaka rangi ya machungwa na buluu, ukawaweka kando ya ziwa letu juu ya mawe ya volkano. Nikakuuliza watataga wapi. "Huku kwetu vyote vinaota juu ya majiwe," ukajibu, tukacheka, maana nilikupenda kijinga.

Mimba ilipokuwa kubwa, rangi zako zikaisha. "Minaenda kutafuta rangi Kampala, minarudia mbio." Neema sasa anasoma shule. Rangi gani hiyo, Baba Neema?

Juzi aliniuliza bata hao wanaishi fasi gani, nikatafuta kwenye simu. Wanaishi kwenye misitu yenye maji, mbali kabisa na sisi, na jike hutaga ndani ya tundu la mti. Jike ndiye wa kijivu. Kumbe blanketi halikuchuja! Mke alikuwepo tangu mwanzo, wewe ukamwona ana kasoro, ukachora dume la pili mahali pake. Nikaendelea kusoma: jike akishalalia mayai, dume hujiendea zake. Nilicheka peke yangu hadi Neema akaogopa, kisha nikalia kwa hasira. Bado ninayo hiyo hasira, wala siifichi.

Picha nimempa dada yako, usimsumbue. Ila nimeirekebisha kwanza, kwa makopo uliyoyaacha chini ya kitanda, kumbe hayakuisha yote. Bata mmoja nimempaka kijivu. Mwingine nimemfunika kwa rangi nyeusi, amekuwa jiwe kama mawe mengine.

Neema alikuwa amesimama nyuma yangu, akamwonyesha bata wa kijivu kwa kidole. "Mama, na papa yake iko wapi?"

Nikamwambia ameenda kutafuta rangi.

Kwaheri, na safari hii ni mimi ninayeaga.

Mama Neema