Baba Mukwe Alitoa Ndege Zake Juu ya Mutoto, Sasa Amerudi Kunyamaza

Mama Espérance, weye mwenye kusikiliza mizigo ya watu kwa gazeti hii, leo pokea na yangu, juu nimeibeba peke yangu mpaka imenishinda.

Naitwa Solange, tunaishi hapa Nyakasanza, bwana yangu Fiacre iko fundi wa magari kule Aru na anarudi mara moja moja, kwa hiyo nyumbani tunabaki siye watatu, mimi, binti yetu Débora mwenye anaanza tu masomo, na baba mukwe wangu Papa Gustave, mwenye alikuja kwetu kisha vita kufika kwake upande wa Irumu, alifika na miguu, ng'ombe zake zote zilikuwa zimeenda, na hakuna mwenye alimuuliza zilienda namna gani sababu kwa uso wake ilionekana hataki kuulizwa, na toka siku ile alikuwa anakaa kwa kiti pale salon, chumba ya kupokea wageni, ukimusalimia anaitika, ukimupa chakula anasema aksanti, ni hiyo tu.

Jirani yetu Nicolas, mwenye alikuwa anafanya biashara na Kampala, alipohama alimuachia muzee kasuku ndogo mbili, zile watu wanaita perushi, moja ya kijani na moja ya buluu, ndani ya kaje yao ya waya, na mimi nilizani ni kelele tu inaongezeka kwangu, lakini Papa Gustave alianza kuamka mapema, anaweka mukono ndani ya kaje na kuuacha pale bila kuutikisa, kila asubuhi, zikimuogopa anauacha tu, mpaka siku moja ile ya kijani ilipanda juu ya kidole chake na yeye akaniita kwa sauti ya chini, «Solange, kuja uone, lakini usikimbie.» Mama, ilikuwa mara ya kwanza aniite kwa jina langu.

Kisha hapo akazipa majina ya ng'ombe zake, Bihogo na Gaju, akafunga madirisha na kuziacha ziruke salon nzima, akazitengenezea ngazi ya vijiti na kuzitundikia gunzi la mahindi zilidonoe, na alikuwa anazipigia muluzi ule wa kuita ng'ombe kwa maji, nazo zinamujibu, na Débora anacheka, na kutoka kwa ile muluzi muzee akaanza kumuelezea mutoto habari ya ng'ombe, ile yenye pembe moja, ile yenye ilikataa kuvuka muto, mpaka mimi kule nyuma naacha kuosha sahani ili nisikie, juu hata Fiacre mutoto wake hakukuwa anajua zile habari.

Halafu Débora akaanza kukohoa. Alikuwa analala pale pale salon pamoja na babu yake, na siku moja pumzi ikakatika kabisa, midomo ikageuka rangi, tukamukimbiza lopitali, na munganga akauliza mambo ya nyumba, nikamutajia ndege, akasema mutoto iko na pumu, na vumbi ya manyoya inamuharibia kifua, ndege haziwezi kukaa mahali analala.

Nilirudi nikamuambia muzee wazi. «Papa, munganga anasema ndege zitoke.»

Hakubisha. Aliniuliza tu, «Zikitoka, mutoto atapumua?»

«Anasema kifua yake itapumzika.»

«Basi nipe kitambaa nifunike kaje.»

Akaibeba yeye mwenyewe mpaka kwa jirani Gertrude, akakataa nimusaidie, akarudi, akakaa kwa kiti. Toka pale, Mama, amerudi vile alikuwa. Anaitika, anasema aksanti. Débora anapumua muzuri, anamuomba, «Babu, nielezee ya pembe moja,» naye anamupapasa kichwa tu.

Na kule kwa Gertrude si kuzuri, ameweka kaje jikoni karibu na moto wa makaa, yeye anashinda soko, ndege zinabaki peke yao, na ile ya buluu imeanza kujinyofoa manyoya ya kifua mpaka ngozi inaonekana, lakini hiyo sijamuambia muzee, nilimuambia tu aende kuzitembelea, akanijibu, «Ng'ombe zangu sikuziaga. Hizi niliziaga. Nikienda nirudi, nitakuwa nimeziacha mara mbili.» Fiacre anasema kwa simu niuzishe ndege, muzee atasahau, na wifi yangu Immaculée anasema nimetumia neno la munganga ili nimumalize baba yao. Nikirudisha ndege nacheza na pumzi ya mutoto wangu, nikiziacha naona muzee anaisha pole pole mbele ya macho yangu. Nifanye nini?

Solange, Nyakasanza

*

Solange, pole. Nimesoma barua yako nikaiweka chini, nikaisoma tena.

Kwanza toa kichwani maneno ya wifi yako. Mutoto alikosa pumzi, munganga alisema, weye ulifanya. Hapo hautaomba mutu pardon, na Immaculée kama iko na uchungu ya baba yake, apande gari aje kukaa naye siku mbili tatu.

Lakini sasa unisikie. Unajua ndege inajinyofoa manyoya, na mwenyewe haujamuambia. Unajiambia unamuhurumia. Hapana, mama, unamufanya mutoto. Ule muzee alichunga wanyama maisha yake yote, mnyama mwenye kuugua hawezi kumushangaza. Ulipomuambia ukweli juu ya Débora, alifanya nini? Alisimama akatenda, kuliko siye wengi. Mupe na huu ukweli pia. Na bwana yako umujibu kwamba kuuzisha mali ya baba yake haiko kazi yako wala yake.

Nilimuuliza munganga wa wanyama. Anasema leo hii kaje itoke jikoni, mapafu ya perushi ni madogo sana na moshi ya makaa inaweza kuziua mbele ya mutu kujua zinaumwa. Anasema hizi ndege zinaishi kwa makundi, zikikosa wa kuzisemesha na kitu cha kufanya, zinachoka roho na kujigeukia zenyewe. Zinataka vijiti vya mupera vyenye maganda, zisimame na kutafuna, bulo kidogo, ule ulezi, lengalenga ao muchicha yenye imeoshwa, na nafasi ya kuruka mahali pamefungwa. Na zaidi, zinataka mutu mwenye zinamujua. Huyo mutu unaye nyumbani kwako, amekaa kwa kiti.

Nilipokupigia simu uliniambia kuna stoo ya majembe kule nyuma ya parsele, mwisho wa kiwanja chenu, mbali na dirisha ya Débora. Toa majembe. Papa Gustave aweke dirisha ya waya, ndege zikae pale. Awe na koti moja ya kuingilia, na ile koti isivuke mulango wa nyumba. Akitoka, anaosha mikono na uso mbele ya kugusa mutoto. Kaje anaipangusa na kitambaa chenye maji, asifagie kavu. Débora haingii. Kumuona babu yake na ndege kwa mbali, hata hiyo umuulize munganga wake kwanza, na akikataa, imekataliwa.

Maneno haya nilikutumia kwa simu mbele gazeti itoke, sababu moshi haingoji. Ukanijibu, ukanipa ruhusa niandike. Unasema ulimuambia muzee yote. Akauliza, «Ya buluu? Kifuani?» akaenda kwa Gertrude bila kuvaa kofia, weye nyuma yake, akaihamisha kaje mbali na jikoni. Ya kijani ilipanda kidole chake mara moja. Ya buluu ilikaa nyuma ya kaje, ikamupa mugongo. Akabaki na mukono ndani mpaka Gertrude akarudi soko, nayo haikukuja. Alipotoka alikuambia, «Imenikasirikia. Iko na haki.» Kisha akaegemea ukuta wa Gertrude akaanza kulia, akisema majina ya ng'ombe, moja kisha ingine, zote zenye hazikurudi. Na weye, unasema, ulienda pembeni ili umuheshimu.

Solange, hiyo heshima iache. Wote mulimuheshimu hivyo toka siku alifika, kila mutu anaenda pembeni, na yeye akabaki na ng'ombe zake zote ndani ya roho, hana wa kumuambia ila ndege. Akianza tena kulia, ukae. Usiseme kitu, usimunyamazishe, usikimbilie kutafuta maji. Ile ya buluu inaweza kupona, inaweza kukataa, yeye anajua hiyo kuliko siye.

Unasema asubuhi ya kesho anataka kuanza stoo. Acha sahani zingoje. Enda umushikie mbao.

Mama Espérance